Kichocheo Kinaisha, Tusidanganyane

Nikiletewa andiko la mradi wa kugeuza makaa ya mawe au bayomasi kuwa gesi, nakimbilia ukurasa wa gharama za uendeshaji. Karibu kila mara nakuta kichocheo, yaani kile kinachotiwa ili kuharakisha mmenyuko, hakimo. Kimewekwa kwenye gharama za ujenzi: kinanunuliwa mara moja, basi. Ukiuliza, unajibiwa kwa upole kana kwamba umesahau masomo ya sekondari: "Si kichocheo hakitumiki kwenye mmenyuko?"

Hakitumiki kwenye mmenyuko mnaouchora ubaoni. Ndani ya tanuri mna majivu, salfa, klorini, lami na mvuke, vyote kwenye nyuzi 700 kwenda juu, na kila kimoja kina shughuli yake na metali ya kichocheo chako.

Kuna dai jingine ambalo nitalipitia mbio, kwamba kichocheo kinaongeza nishati. Hapana. Kaboni na mvuke kutoa kaboni monoksidi na haidrojeni kunadai kilojuli 131 kwa kila moli, utie kichocheo kama potasiamu usitie. Msawazo nao, yaani kiwango ambacho mmenyuko unaweza kufikia, hausogei. Unachopata ni kasi, na kasi inakuruhusu kufanya kazi kwenye joto la chini, ambako methani inatengenezeka kwa wingi zaidi na kurudisha sehemu ya joto hilo. Faida yake ndiyo hiyo, na si ndogo.

Sasa potasiamu. Kwamba chumvi zake zinaharakisha mmenyuko wa kaboni na mvuke si habari mpya. Wanakemia Taylor na Neville waliandika juu yake mwaka 1921. Miaka ya 1970 kampuni ya mafuta ya Exxon waliujengea mchakato mzima: makaa ya mawe yaliyoloweshwa potasiamu kabonati, nyuzi 700 hivi, methani moja kwa moja. Kemia ilikubali. Kilichowatoa jasho ni kuirudisha ile potasiamu.

Makaa ya mawe yana udongo ndani yake, hasa kaolini. Potasiamu ikikutana na kaolini kwenye joto hilo, inaungana na alumini na silika kuwa KAlSiO4. Madini hayo hayayeyuki majini. Chukua mabaki ya tanuri, yachemshe, chuja, haidhuru urudie: sehemu ya potasiamu inatoka kwenye maji, sehemu inabaki kwenye tope la kijivu chini ya chombo, na haichochei tena chochote. Exxon walilazimika kuyapika mabaki hayo na chokaa iliyozimwa ili kuikomboa kiasi, na mchakato haukuwahi kujengwa kibiashara. Kwa hiyo anayeniambia potasiamu yake "haitumiki", namuuliza kwanza majivu ya makaa yake yana alumina na silika kiasi gani. Grafu ya kasi iliyopimwa kwenye miligramu chache za sampuli mpya hainisaidii. Nionyeshe ya mzunguko wa tano, kwa kichocheo kile kile.

Kwenye bayomasi unafika umekuta potasiamu imeshatangulia. Makaa ya kuni yanamenyuka na mvuke vizuri bila kuongezewa kitu. Ya pumba za mpunga yanakokota miguu kwa sababu silika imeishika potasiamu yake. Silika hiyo hiyo, ikiwa ndio mchanga wa kitanda, yaani mchanga unaopeperushwa na gesi ndani ya tanuri, inatengeneza na potasiamu kioo kinachoyeyuka hata chini ya nyuzi 800, na mchanga uliokuwa unapepea vizuri unagandana mapande mapande. Potasiamu nyingine inatoroka na gesi na kuganda kwenye mabomba ya mbele.

Nikeli ni kesi tofauti. Kuichanganya na makaa hakufai sana, kwa kuwa kigumu na kigumu hugusana kwa shida. Inawekwa baada ya tanuri, ivunje lami iliyomo kwenye gesi. Hapo inafanya kazi nzuri mno, hadi salfa ifike na kuishika. Ukipandisha joto, salfa inalegeza mshiko, lakini nikeli huanza kuungana chembe kwa chembe tangu nyuzi 590 hivi, na eneo la kufanyia kazi linapungua. Lami nayo inaacha kaboni, na kaboni hiyo huota kama nywele: kila unywele umebeba chembe ya nikeli kwenye ncha, umeing'oa kutoka kwenye kidonge kilichoishikilia. Vidonge vinaingia vizima, vinatoka unga mweusi.

Kuna ubaguzi mmoja unaonifurahisha. Kwenye mtambo wa Güssing, Austria, wa megawati 8, olivini, madini yaliyotumika kama mchanga wa kitanda, ilijivika tabaka la kalsiamu kutoka kwenye majivu na kuwa hodari zaidi kadiri ilivyotumika.

Vitabu pia vinasema kichocheo hushusha kizingiti cha nishati ya mmenyuko. Kwa potasiamu, vipimo vingi vinaonyesha kizingiti kikibaki karibu pale pale huku kasi ikipanda maradufu na zaidi, kana kwamba imeongezeka idadi ya sehemu za kumenyukia tu. Na umbo ambalo potasiamu inalichukua juu ya kaboni inapofanya kazi bado linabishaniwa. Anayekuchorea mmenyuko huo kama duara safi la hatua tatu anakuchorea anachokiamini.

Ndiyo maana siku hizi naegemea vichocheo vya kutupa: dolomiti (jiwe la jamii ya chokaa), mawe ya chuma, hata majivu ya kuni. Dolomiti inasagika kuwa vumbi mapema, lakini hakuna anayeililia. Wengine wanachanganya bayomasi na makaa ya mawe ili potasiamu ya kuni iyachochee makaa bure. Inawezekana, makaa yakiwa na udongo kidogo. Yakiwa na mwingi, kaolini inainyakua potasiamu hiyo kabla haijafika kwenye kaboni, na mchanganyiko unakwenda polepole kuliko wastani wa viwili hivyo vikigeuzwa gesi kando kando.