Teksi isiyo na dereva na mkono wa tajiri kwenye kanuni zake

Tarehe 22 Juni 2025 Tesla ilianza kubeba abiria kwa huduma yake ya Robotaxi mjini Austin, Texas. Magari yalikuwa machache, yote Model Y, nauli dola 4.20 kwa safari, na waliopanda ni walioalikwa tu. Kwenye kiti cha mbele cha abiria alikaa mfanyakazi wa kampuni akiangalia mwenendo wa gari. Wiki chache kabla ya hapo mkuu wa kampuni hiyo, Elon Musk, alikuwa ameaga serikalini, alikosimamia DOGE, kazi ya kupunguza matumizi na watumishi wa serikali kuu ya Marekani. Kabla ya hapo alikuwa ametoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump na chama cha Republican katika uchaguzi wa 2024.

Mjadala wa mambo haya mara nyingi huwa wa kishabiki: huyu anamtetea Musk, yule anamlaani. Mimi nataka tuuangalie kifundi. Mfanyabiashara akiwa karibu na ikulu, ni kanuni zipi za teksi hizi zinazoweza kuguswa, na zikilegezwa, ni taarifa gani tunayoikosa?

Tuanze na ngazi za gari kujiendesha, kwa sababu sheria nyingi zinafuata ngazi. Gari la ngazi ya 2 linashika usukani, linaongeza mwendo na kufunga breki lenyewe, lakini mtu lazima aangalie barabara muda wote. Dereva ni yeye. Mfumo wa kujiendesha wa FSD wanaouziwa wenye magari ya Tesla uko hapa. Kwenye ngazi ya 4 dereva ni mashine, ndani ya eneo na mazingira yaliyopangwa, na ikikwama lazima ijitafutie yenyewe pa kusimama salama. Waymo, kampuni ya teksi zisizo na dereva iliyo chini ya mmiliki wa Google, wako hapa: wamekuwa wakibeba wateja wa kawaida Phoenix bila mtu kwenye usukani tangu Oktoba 2020, na kufikia Aprili 2025 walikuwa wakifanya safari za kulipiwa zaidi ya 250,000 kwa wiki.

Vifaa navyo vinatofautiana sana. Jaguar I-PACE ya Waymo ina kamera 29, rada 6 na laida 5. Laida hurusha miale ya leza na kupima umbali wa kila kitu inachokigonga. Tesla inategemea kamera 8, na ilianza kuondoa rada mwaka 2021. Kamera inafanana na jicho: jua la jioni likiipiga usoni, au ukungu na vumbi vikitanda, inapoteza picha. Rada hupenya ukungu, na laida haihitaji mwanga wa nje, kwa hiyo kifaa kimoja kikipofuka vingine vinabaki. Oktoba 2024, NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilifungua uchunguzi juu ya takriban magari milioni 2.4 ya Tesla baada ya ajali nne zilizotokea wakati wa uoni hafifu; katika moja, mtembea kwa miguu alifariki. Miezi mitatu baadaye, mkuu wa kampuni inayochunguzwa alikuwa ndani ya serikali inayoichunguza.

Sasa tufike kwenye kanuni ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote. Tangu Juni 2021 NHTSA inazilazimisha kampuni kuripoti ajali ikiwa mfumo ulikuwa unafanya kazi wakati wowote ndani ya sekunde 30 kabla ya mgongano. Hizo sekunde 30 zina maana yake: bila hizo, mfumo unaojizima sekunde moja kabla ya kugonga ungeonekana haukuhusika.

Kwa nini kuripoti kuwe jambo kubwa hivyo? Angalia Cruise, kampuni ya General Motors. Tarehe 2 Oktoba 2023 huko San Francisco, gari lenye dereva wa kawaida lilimgonga mtembea kwa miguu na kumrusha mbele ya teksi ya Cruise. Teksi ilifunga breki, ikamgonga, ikasimama. Kisha programu ikadhani imegongwa ubavuni, ikaanza utaratibu wa kujisogeza kando ya barabara, na ikamburuta yule mtu kama mita 6 akiwa chini ya gari. Yaani hatua iliyowekwa kwa ajili ya usalama ndiyo iliyomuumiza zaidi. Kosa la namna hii mhandisi hawezi kulijua kwa kuhesabu ajali. Lazima mfuatano wote uandikwe. Cruise baadaye ilikiri kuwasilisha ripoti ya uongo kwa NHTSA, iliyoacha kutaja kuburutwa huko, na ikalipa faini ya dola 500,000. California ilisimamisha vibali vyake tarehe 24 Oktoba 2023, na Desemba 2024 General Motors ikaacha kugharamia mradi wa teksi.

Mwezi huohuo wa Desemba, shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa timu ya mpito ya Trump ilipendekeza kanuni hii ya kuripoti ifutwe. Haikufutwa. Marekebisho ya mwaka 2025 yaliilegeza: kwa ngazi ya 2, gari kukokotwa tu baada ya ajali si sababu tena ya kuripoti, na kwa magari yanayojiendesha kabisa hasara ndogo isiyofika dola 1,000 inaachwa. Sisemi Musk ndiye aliyeyaandika, na hoja ya kupunguza ripoti za mikwaruzo ni ya kweli. Lakini Tesla, inayoripoti ajali nyingi zaidi za ngazi ya 2, ndiyo inayonufaika zaidi na nafuu ya ngazi ya 2. Ongeza kwamba Februari 2025 NHTSA ilipoteza watumishi katika upunguzaji ule wa DOGE, wakiwemo wataalamu wa kitengo cha magari yanayojiendesha. Kanuni isiyo na wasomaji wa ripoti ni karatasi tu.

Vibali vya majimbo ni mlango mwingine. California ina milango miwili: idara ya magari inaruhusu gari, tume ya huduma za umma inaruhusu kutoza nauli. Texas ilipitisha sheria mwaka 2017 inayoizuia miji kutunga kanuni zake juu ya magari haya, kwa hiyo Austin haikuwa na kibali cha kutoa wala cha kunyima. Sheria ya kudai kibali cha jimbo ilisainiwa Juni 2025, siku chache kabla ya Robotaxi kuanza.

Pambano linalofuata ni la usukani. Cybercab, aliyoionyesha Musk Oktoba 2024, haina usukani wala pedali. Gari lisilotimiza viwango vya usalama vya kitaifa huhitaji msamaha, na msamaha huo una kikomo cha magari 2,500 kwa mwaka kwa kila mtengenezaji, na kupandisha namba hiyo ni kazi ya Bunge la Marekani.

Siasa humrudia Musk mwenyewe pia. Robo ya kwanza ya 2025 Tesla ilikabidhi magari 336,681, pungufu ya asilimia 13 ukilinganisha na mwaka uliotangulia, ingawa mabadiliko ya Model Y viwandani nayo yalichangia. Tarehe 5 Juni, Musk na Trump walipogombana hadharani, hisa zilishuka asilimia 14 hivi kwa siku moja.

Ukitaka kukagua mwenyewe, pakua majedwali ya ajali ya NHTSA. Kuna la ngazi ya 2 na la magari yanayojiendesha, usiyachanganye. Tafuta kwanza safu ya maelezo ya tukio: Waymo huandika hatua kwa hatua, Tesla mara nyingi hufunika kwa madai ya siri za biashara. Kisha angalia kama palikuwa na mtu wa kusimamia ndani ya gari. Na usilinganishe jumla za kampuni mbili bila kujua kila moja imetembea maili ngapi, kwa kuwa majedwali hayo hayaonyeshi jumla ya maili za kila kampuni.