Nyoka Gani Amemuuma? Vipimo Vinavyojibu, na Vinavyojibu Nusu

Aliyeumwa na nyoka akifikishwa hospitali huulizwa, "Nyoka gani?" Mara nyingi hujibu, "Mweusi, mrefu, sikumwona vizuri." Simlaumu, maana hata bingwa husita. Mwaka 1957 Karl Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka wa Chicago, aliletewa nyoka mchanga amtambue. Gamba moja halikuwa la kawaida, akaingiwa na shaka kama kweli ni boomslang, nyoka wa mitini wa Afrika mwenye sumu kali. Nyoka yule akamuuma kidole gumba, na kesho yake Schmidt akafariki.

Kazi yangu ni vipimo vya sumu, na kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote hakihitaji hata umeme. Unachota mililita 2 za damu ya mshipani, unaitia kwenye tyubu ya kioo iliyo safi na kavu, unaisimamisha dakika 20 bila kuitikisa, kisha unaiinamisha mara moja. Damu isiyo na hitilafu inakuwa imeshakuwa bonge, imeng'ang'ania chini. Ikiteremka yote ukutani mwa tyubu, kuganda kumevurugika. Kioo ndicho kinachoamsha kuganda, kwa hiyo usitumie plastiki wala tyubu iliyooshwa kwa sabuni. Ukizitumia, mtu asiye na sumu mwilini ataonekana anayo.

Ila tyubu hiyo inakuonyesha kazi ya sumu, haikutajii nyoka. Boomslang na nyoka wa jamii ya Echis wote huzuia damu kuganda, lakini antivenomu (dawa ya kuzima sumu ya nyoka) ya Echis haimfai aliyeumwa na boomslang. Huyo ana dawa yake peke yake. Aliyeumwa na koboko naye damu yake itaganda vizuri kabisa huku kope zikilegea na pumzi ikianza kukata, kwa kuwa sumu ile hushambulia neva.

Australia walikwenda mbele zaidi. Walitengeneza kipimo cha kingamwili, yaani protini zinazonasa sumu, kilichotenganisha makundi 5 ya sumu za nyoka wa kwao kwa muda wa nusu saa hivi. Bendeji aliyofungwa mgonjwa haikufunguliwa. Kilikatwa kidirisha juu ya alama za meno, ngozi ikapanguswa kwa kijiti cha pamba, na hicho ndicho kilichopimwa. Ndiyo maana kule watu wanaonywa wasioshe jeraha. Lakini sumu kuwa juu ya ngozi si ushahidi kwamba imeingia mwilini, kwani nyoka huweza kuuma bila kumwaga sumu ya kudhuru. Kipimo kile kilimsaidia daktari kuchagua antivenomu ipi. Kama mgonjwa anaihitaji au la, hilo linaamuliwa na dalili na damu yake.

Kwa nini basi kisienezwe kila mahali? Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Sumu za nyoka wa jamii moja zina protini zinazofanana mno, hivyo kingamwili iliyotengenezwa kumnasa swila mmoja humnasa na binamu yake. Tunaichuja kwa kuipitisha kwenye sumu za nyoka wengine, zile zisizochagua zinase huko, tubaki na zinazochagua. Kila safari ya kuchuja kiasi kinapungua, na sumu tunayoitafuta kwenye damu ni nanogramu (sehemu za bilioni za gramu) chache tu kwa mililita. Hata hivyo inawezekana: Taiwan wametengeneza kijiti cha kipimo cha haraka cha kutambua sumu ya swila wa huko, *Naja atra*.

Kusoma vinasaba vya mate ya nyoka kutoka kwenye jeraha hutaja spishi vizuri, ila huchukua saa kadhaa na hakusemi lolote kuhusu kiasi cha sumu. Kunafaa utafiti kuliko chumba cha dharura. Picha ya simu ina msaada wa haraka zaidi mikononi mwa anayewajua nyoka, mradi ipigwe kwa mbali. Nyoka asifukuzwe wala asiletwe, kwa sababu hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma.

Mimi sitaki kijiti cha kutaja kila spishi duniani. Nataka kinachotofautisha sumu kulingana na dawa zilizopo kabatini, kwa sababu majina mawili yenye tiba moja hayabadilishi anachochomwa mgonjwa.

Ombi langu kwa wenzangu wa wodini: damu ya kupima sumu itolewe kabla ya antivenomu. Dawa ikishaingia huishika sumu, na tunaoitafuta baadaye hatuioni tena. Nyoka akiwa ametambuliwa kwa uhakika, na mgonjwa akiridhia, gandisheni sehemu ya damu hiyo, maana ndiyo tunayojaribia vijiti vipya.