Kitanda, siki na dakika moja ya kungoja

"Daktari, itauma?"

Swali hili huja hata kabla mtu hajaketi, mkoba ukiwa bado begani. Huwa najibu kwamba wengi husikia kubanwa, wachache husikia maumivu, na ukisema "acha" ninaacha palepale. Hilo la mwisho lina faida ya kitabibu pia. Anayejua kwamba anaweza kunisimamisha hulegea, na misuli ikilegea kifaa hupita bila taabu.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya wanawake, na uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi ni kazi yangu ya kila wiki. Maandalizi yake ni machache. Kwa siku 2 kabla ya kuja usijioshe ndani ya uke, usiweke dawa wala vilainishi humo, na ukiweza jizuie na tendo la ndoa. Hedhi ikiwa inatoka kwa wingi, ahirisha. Kunyoa si lazima. Nalitaja kwa sababu nimeshakutana na wanawake walioahirisha miezi kadhaa kwa ajili ya hilo tu, na sisi wala hatuangalii huko.

Kabla ya kitanda kuna maswali: hedhi ya mwisho, mimba, hali yako ya VVU, kama damu hutoka baada ya tendo la ndoa. Jibu bila haya. Majibu hayo ndiyo yanayoamua nikupime kwa njia gani na urudi lini.

Halafu unavua nguo za chini, unalala chali, unakunja magoti na kuyaachia yaanguke pembeni, shuka juu yako. Kifaa kinaitwa spekulamu. Umbo lake ni kama mdomo wa bata: huingia kikiwa kimefungwa, kisha hufunguliwa taratibu ili shingo ya kizazi ionekane. Kama ni ya chuma, mimi huipasha kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Utasikia mlio mdogo, "tik tik", na wengi hushtuka wakidhani kuna kitu kimekatwa. Ni kifungio tu kinachozuia kifaa kisijifunge.

Shingo ya kizazi yenyewe ni nyama laini ya rangi ya waridi; ukiigusa kwa kidole ni kama kugusa ncha ya pua. Katikati ina tundu. Kwa ambaye hajazaa kwa njia ya kawaida ni nukta, kwa aliyezaa ni mstari mfupi kama mdomo uliofumbwa. Wanaotaka kujiona huwa nawapa kioo, na sijaona aliyejuta.

Kinachofuata hutegemea kipimo. Cha HPV, kirusi cha ngono kinachoweza kuleta saratani hii, huchukua ute kwa brashi ndogo inayozungushwa kwa sekunde chache, kisha maabara hutafuta vinasaba vya kirusi. Hiki hata wewe mwenyewe unaweza kujichukulia sampuli ukiwa peke yako chumbani, bila spekulamu. Kipimo cha Pap, kilichopewa jina la daktari Mgiriki Georgios Papanikolaou, hukwangua seli ili zitazamwe kwa hadubini.

Cha tatu ni siki, yaani asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Naipaka kwa pamba, halafu tunangoja dakika 1 nzima. Naitazama saa, na mara nyingi mimi na mgonjwa tunahesabu kwa sauti, maana ni dakika ndefu. Huenda ukasikia mwasho kidogo. Seli zilizobadilika hugeuka nyeupe, na mimi hutazama kama weupe huo una kingo zinazojitokeza wazi au umesambaa tu. Usijaribu na siki ya jikoni. Kinachopima hapa ni jicho lililofunzwa. Baada ya ukomo wa hedhi kipimo hiki hakitegemewi sana, kwa sababu sehemu tunayoitafuta huwa imerudi ndani.

Ukishuka kitandani huenda ukaona tone la damu. Pedi inatosha.

Lakini kazi ngumu huanza wakati wa majibu. Miaka yangu ya mwanzo nilimwambia mama mmoja, "Umekutwa na virusi," nikainama kuandika. Alishukuru, akaondoka, na hakurudi kwa tarehe niliyompa. Alipokuja baadaye ndipo nikajua kwamba alisikia UKIMWI. Kwa Kiswahili chetu, "ana virusi" humaanisha kitu kimoja tu, nami nilipaswa kujua hivyo. Alikuwa amegombana na mumewe kwa jambo ambalo hakuwa nalo.

Siku hizi naanza na hili: hujaambiwa una saratani, na HPV si VVU. Watu wengi wanaofanya ngono huipata wakati fulani maishani, na kwa kawaida mwili huifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Inaweza pia kukaa kimya miaka mingi, kwa hiyo jibu hili haliwezi kukuambia nani alimletea nani. Aina ya 16 na ya 18 ndizo tunazozichunga zaidi. Hizo mbili husababisha karibu asilimia 70 ya saratani za shingo ya kizazi.

Hata zikikaa, kutoka hapo hadi saratani kwa kawaida ni miaka 15 hadi 20. Kinga ikiwa dhaifu, kwa mfano VVU visivyotibiwa, huwa ni 5 hadi 10. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2021, linashauri kipimo cha HPV kuanzia miaka 30 na kurudia kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na VVU kuanzia 25, kila baada ya 3 hadi 5. Aliyechanjwa dhidi ya HPV naye hupimwa.

Tukikuta mabadiliko ya awali, mara nyingi tunayachoma kwa kifaa cha joto, pengine siku hiyohiyo, chini ya dakika moja kwa kila mguso. Utasikia msokoto kama wa hedhi, kisha majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa. Mabadiliko yakiwa makubwa, tunakata kipande kwa waya wenye umeme.

Kama unatokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya ukomo wa hedhi, usingoje zamu ya kupimwa. Hiyo ni dalili. Njoo sasa, uwe na umri wowote.

Na kabla hujatoka chumbani, uliza majibu yatatoka lini na yatakufikia vipi. Siku hiyo ikipita kimya, usidhani kimya ni jibu. Fuatilia mwenyewe, kwani sampuli nayo huweza kupotea, au kuwa na seli chache mno kusomeka.