Peni Tatu za Chai na Vita vya Miaka Minane

Kila ninapofundisha mapinduzi ya Marekani, kuna swali haliniepuki, na mara nyingi linatoka kwa mwanafunzi wa viti vya nyuma: hao watu walikuwa wanatozwa kodi kiasi gani hasa mpaka wakashika bunduki? Jibu huwaacha wameduwaa. Walitozwa kidogo mno. Mwingereza wa kawaida aliyekaa kwao Uingereza alilipa ushuru wa bia, wa sabuni, wa mishumaa, hata wa madirisha ya nyumba yake, na kwa jumla alibeba mzigo mzito kuliko mlowezi wa Boston. Tena sheria mbili kati ya zile zilizowasha moto kule Marekani zilikuwa za kupunguza gharama.

Ugumu wetu ni kwamba tunaliendea jambo hili tukiwa na picha ya kodi ya kibanda. Wajerumani walipoileta huku Afrika Mashariki mwaka 1898, sehemu ya shabaha yake ilikuwa kumlazimisha mtu atafute fedha taslimu, na asiyekuwa nayo akalipe kwa jasho. Makoloni 13 ya Waingereza kule Marekani hayakuwa hivyo. Walowezi walikuwa na mabaraza yao ya kutunga sheria. La Virginia lilianza kukutana mwaka 1619. Mabaraza hayo ndiyo yaliyopanga kodi za ndani, na katika makoloni mengi ndiyo yaliyomlipa gavana wa mfalme mshahara wake. Gavana akiwa mkaidi, mshahara unakwama. Hilo ndilo la kushika kabla hujasoma habari za chai na stempu, kwa sababu ugomvi wote ulizunguka mfuko huo.

Mwaka 1763 Uingereza ilitoka kwenye Vita vya Miaka Saba ikiwa imeinyang'anya Ufaransa Kanada, na ikiwa imezama katika deni. Lilikuwa limepanda kutoka pauni milioni 75 hivi hadi karibu milioni 130. Juu ya hapo London iliamua kuacha askari wapatao 10,000 Marekani. George Grenville, waziri mkuu, akauliza swali ambalo kwa mhasibu halina kosa: walinzi hawa wanawalinda nani, na nani awalipe?

Hatua yake ya kwanza, mwaka 1764, ilihusu molasi, ile asali nzito ya miwa ambayo viwanda vya New England, yale makoloni ya kaskazini, viliitumia kutengeneza ramu. Ushuru wa molasi kutoka visiwa vya Wafaransa ulikuwa peni 6 kwa galoni tangu mwaka 1733, ila hakuna aliyeulipa. Mfanyabiashara alimpenyezea ofisa wa forodha kitu kidogo na mambo yakaisha. Grenville akaushusha hadi peni 3, lakini safari hii akataka ulipwe kweli. Manowari zikawekwa kukamata magendo, na kesi zikaruhusiwa kupelekwa kwenye mahakama za bahari, ambako jaji aliamua peke yake bila kuwepo wananchi wa kawaida wa kutoa uamuzi. Kodi imepungua nusu, na watu wamekasirika mara mbili. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza likayazuia makoloni kufanya noti zao za karatasi kuwa fedha halali ya kulipia madeni, wakati biashara ilikuwa imedorora baada ya vita na sarafu za fedha ni za kutafuta kwa tochi.

Halafu ikaja stempu. Sheria ilipitishwa Machi 1765, ianze tarehe 1 Novemba. Hati za mahakama, leseni, magazeti, kalenda, karata, vyote vilipaswa kuwa na karatasi yenye mhuri uliolipiwa kwa sarafu za Uingereza. Pakiti ya karata ililipiwa shilingi 1, dadu shilingi 10, cheti cha chuo pauni 2. Nikiisoma orodha ile huwa najiuliza aliyeiandika alikuwa anafikiri nini. Wanasheria, wachapaji wa magazeti, wenye vilabu vya pombe: amewagusa kwa mpigo mmoja watu wote ambao kazi yao ni kusema, kuandika na kukusanya wasikilizaji.

Tarehe 14 Agosti 1765 watu wa Boston walitundika juu ya mti sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kuuza stempu, na usiku wakabomoa jengo walilodhani ni la ofisi yake. Akajiuzulu. Siku 12 baadaye nyumba ya Thomas Hutchinson, naibu gavana, ilivunjwa na kuporwa. Kufikia Novemba karibu mawakala wote wa stempu walikuwa wameachia ngazi, na sheria ikawa haina wa kuitekeleza. Oktoba wajumbe wa makoloni 9 walikutana New York na kusema kwa adabu kwamba wao ni raia watiifu wa mfalme, ila kodi hutozwa na wale uliowachagua, na wao hawakumchagua mtu yeyote Bungeni London. Waingereza walijibu kwamba hata Manchester na Birmingham hazikuwa na wabunge wao, na bado zinalipa. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Lilichowaonyesha walowezi ni kwamba Bunge lenyewe lina kasoro.

Wafanyabiashara wa London, waliokuwa wanapoteza soko, ndio walioiua stempu. Bunge liliifuta Machi 1766, na siku ileile likapitisha sheria nyingine ikitamka kwamba lina mamlaka juu ya makoloni katika kila jambo. Huku Marekani watu wanapiga kengele kwa furaha, kule London mzizi umeachwa ardhini.

Charles Townshend, waziri wa fedha wa Uingereza, aliumwagilia maji mwaka 1767: ushuru wa vioo, risasi ya madini, rangi, karatasi na chai. Kwa maoni yangu sheria hii ndiyo ya hatari kuliko zote, ingawa vitabu vingi vya shule huipitia mbiombio. Ilisema wazi kwamba mapato yake yanaweza kulipa mishahara ya magavana na majaji. Maana yake baraza la koloni linanyang'anywa rungu lake pekee. Watu wakaanza kususia bidhaa za Uingereza, wanawake wakasokota nyuzi nyumbani ili kitambaa cha kununua kisihitajike, na askari wakateremshwa Boston mwaka 1768. Machi 5, 1770 askari hao walifyatua risasi kwenye umati na kuua watu 5, mmojawapo Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Marekani. Siku hiyohiyo, ng'ambo ya bahari, waziri mkuu Lord North alikuwa anaomba Bunge lifute ushuru wa Townshend. Lilifuta wote isipokuwa wa chai, peni 3 kwa ratili, ili haki ya kutoza isionekane imekufa.

Miaka miwili mitatu ikawa kimya. Kisha mwaka 1772 ikajulikana kwamba gavana na majaji wa Massachusetts, koloni ambalo Boston ndio mji wake mkuu, watalipwa kutoka forodha. Boston ikaunda kamati ya mawasiliano, kazi yake kuandikiana barua na miji mingine. Aliyeisukuma ni Samuel Adams, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mtoza kodi wa mji huo, tena mtoza kodi mbovu kupindukia: aliacha kazi akidaiwa maelfu ya pauni ambazo hakuwahi kuzikusanya. Pengine ndiyo maana watu walimpenda.

Chai iliyomwagwa Desemba 1773 ilikuwa ya bei nafuu. Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Waingereza ya biashara ya Asia, ilikuwa inakaribia kufilisika huku maghala yake London yamejaa chai, na Bunge likairuhusu kuipeleka Marekani moja kwa moja kupitia mawakala wake, kwa bei ya kuwaumiza hata wauza magendo. Zile peni 3 zikabaki. Miongoni mwa mawakala wa Boston walikuwemo watoto wawili wa Hutchinson, ambaye sasa alikuwa gavana.

Kilicholeta balaa ni kalenda ya forodha. Meli ya Dartmouth ilifika Novemba 28. Sheria ilitoa siku 20 ushuru uwe umelipwa, la sivyo maofisa wanaitwaa shehena, na ikitwaliwa, peni 3 zitalipwa kwa njia moja au nyingine. Philadelphia na New York ziliwarudisha manahodha na chai yao. Boston, Hutchinson alikataa kutoa kibali cha meli kuondoka kabla ushuru haujalipwa. Desemba 16, siku moja kabla ya muda kwisha, maelfu ya watu walijazana kwenye jumba la ibada la Old South huku kijana Francis Rotch, ambaye familia yake ilimiliki meli hiyo, akitumwa kwa gavana mara ya mwisho. Alirudi jioni mikono mitupu. Usiku ule watu waliojipaka masizi na kujifanya Wamohawk, kabila la wenyeji wa Marekani, walipanda meli za Dartmouth, Eleanor na Beaver, wakapasua makasha 342, zaidi ya tani 40 za chai. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo chai ilirundikana ubavuni mwa meli na ikabidi isukumwe isambae.

Adhabu ya mwaka 1774 ilikuwa ya kiburi. Bandari ya Boston ikafungwa, na katiba ya Massachusetts ikabadilishwa: mikutano ya mji isifanyike zaidi ya mara moja kwa mwaka bila ruhusa ya gavana. Mkulima wa bara asiyewahi kunywa chai ya kampuni sasa naye ameguswa. Septemba 6, 1774, wanamgambo zaidi ya 4,600 walijipanga pande mbili za barabara kuu ya mji wa Worcester, na majaji na maofisa wa mahakama wakapitishwa katikati, kofia mkononi, wakisoma barua za kujiuzulu tena na tena mpaka waliosimama mwisho wa mstari wasikie. Hakuna risasi iliyolia.

Mwezi huo Kongresi ya kwanza, yaani mkutano wa wajumbe wa makoloni, ilikutana Philadelphia, makoloni 12 bila Georgia. Iliamua kususia bidhaa za Uingereza kuanzia Desemba 1, na ikaagiza kila wilaya na kila mji uchague kamati ya kusimamia. Kamati hizi zilikagua vitabu vya maduka, zilikemea kamari na mashindano ya farasi, hata misiba ya kifahari, na mkaidi alitangazwa gazetini kuwa adui wa uhuru. Hazikuwa za kubembeleza mtu. Zilikuwa serikali, ila jina hilo lilikuwa bado halijatamkwa.

Ukinibana niseme lini hasa Massachusetts iliacha kuwa koloni, nitataja Oktoba 1774. Baraza lake jipya, lisilotambuliwa na mfalme, liliwaambia watoza kodi wasipeleke tena fedha kwa Harrison Gray, mweka hazina wa serikali, bali kwa Henry Gardner, waliyemteua wenyewe. Kodi ileile, watoza walewale, mfuko umebadilika. Baraza hilohilo liliidhinisha ununuzi wa silaha na baruti. Jenerali Gage, mkuu wa jeshi la Uingereza huko, alipotuma askari 700 hivi kuteketeza akiba ya silaha kwenye mji wa Concord, Aprili 19, 1775, walikuta wanamgambo wakiwasubiri njiani, kwenye mji wa Lexington, na kufikia jioni Waingereza 73 na Wamarekani 49 walikuwa wamekufa.

Bado uhuru haukuwa lengo la wengi. Julai 1775 Kongresi ilimwandikia Mfalme George III barua ya kuomba suluhu. Yeye akawatangaza waasi mwezi uliofuata. Ilichukua mwaka mzima hadi tangazo la Julai 4, 1776, na ukilisoma utakuta kodi ina mstari mmoja tu, katikati ya orodha ndefu ya malalamiko.

Vita viliisha kwa mkataba wa Paris mwaka 1783, na wakati wote huo Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza hata senti. Ilichapa noti mpaka zikakosa thamani. Ilipoomba ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje ili kulipa madeni, Rhode Island ilikataa mwaka 1782, na kwa kuwa kura zote zilihitajika, mpango ukafa. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 ilipoorodhesha madaraka ya Kongresi, ilianza na la kutoza na kukusanya kodi. Mwaka 1794 George Washington, sasa akiwa rais, alipanda farasi kukagua wanamgambo karibu 13,000 waliokuwa wakielekea magharibi mwa Pennsylvania, kwa wakulima waliogoma kulipa ushuru wa wiski.