720,720: namba inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16

Anza na mwandiko wake: 720 imejirudia. Namba ya tarakimu tatu ikiandikwa mara mbili mfululizo, ni sawa na kuizidisha kwa 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Vigawo tasa vitatu vimepatikana bila jasho. Imebaki kuivunja 720:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Hiyo 1,001 inafaa hata pasipo marudio. Chukua 354,718; toa kundi la kushoto kwenye la kulia: 718 − 354 = 364. Kwa kuwa 364 inagawanyika kwa 7 na kwa 13, lakini kwa 11 inaacha baki 1, ndivyo ilivyo 354,718 pia: 7 na 13 zimo, 11 haimo.

720,720 ndiyo KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila mojawapo) ya 1 hadi 16. Wengi hukosea kwa kuzizidisha zote, wakapata 20,922,789,888,000. Inagawanyika, ndiyo, ila ni kubwa kupita kiasi. 12, kwa mfano, haidai chochote kipya, maana 2² na 3 zimo tayari. Anayedai 2⁴ ni 16 peke yake. Mwondoe, KDS inashuka nusu, 360,360. 720,720 ikigawanywa kwa 17, kuna baki 5.

Ina vigawo vingapi? Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Hiyo 1 ni ya kipeo 0, yaani kuiacha namba tasa hiyo nje. Ukiisahau utapata 8, ambavyo ni vile tu vilivyobeba namba tasa zote sita. Hakuna namba ndogo kuliko 720,720 yenye vigawo 240.

Sasa punguza moja. 720,719 haigawanyiki kwa namba yoyote kuanzia 2 hadi 16, na hapo ndipo watu huharakisha kuiita tasa. Kipeuo chake cha pili ni karibu 849, kwa hiyo namba tasa zote zilizo chini ya hapo zinapaswa kujaribiwa. 17, 19, 23 na 29 zinaacha baki. 31 inaingia: 720,719 = 31 × 67 × 347.