Je, wajua kwa nini sungura alitangulia kuchomwa sindano kabla ya mgonjwa?

Sungura mweupe ameketishwa ndani ya kisanduku chembamba. Kichwa kimetokeza nje na shingo imebanwa ili asigeuke. Waya wa kipimajoto umepitishwa kwenye njia yake ya haja kubwa. Mpimaji anapapasa mshipa pembezoni mwa sikio, anamchoma sindano, kisha anakaa kusubiri. Muda wa saa tatu unapita, huyu anasoma joto, yule amebanwa. Joto likipanda, dawa inakataliwa. Lisipopanda kwake na kwa wenzake wawili, dawa ile inaruhusiwa kwenda kwa wagonjwa.

Kwa miongo mingi, hivyo ndivyo maji ya dripu na dawa nyingi za sindano zilivyokaguliwa. Watu wasiohesabika wamepona kwa dawa zilizopita kwenye sikio la sungura bila kujua. Mimi mwenyewe nilipojua nilinyamaza kwa muda, kisha swali likaja: kwa nini sungura, na anatokaje kwenye kile kisanduku?

Mwanzoni mwa karne iliyopita madaktari walisumbuliwa na homa ya ajabu. Mgonjwa anachomwa dawa iliyochemshwa vizuri, na muda mfupi baadaye anatetemeka, joto limepanda. Mwaka 1923 mwanasayansi wa Marekani, Florence Seibert, alionyesha kwamba kosa liko kwenye maji. Hata maji yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa tena yaliweza kubeba mabaki ya bakteria. Kuchemsha humuua bakteria, lakini vipande vya ukuta wake hubaki, navyo ni vigumu kuharibu: chombo cha kioo hukaushwa kwa joto la nyuzi 250 kwa nusu saa hivi ndipo kihesabiwe kuwa kimesafishika. Vipande hivyo havionekani kwa macho, lakini mwili huvitambua mara moja. Mwili wa sungura huvitambua karibu sawa na wetu, na sikio lake lina mshipa ulio wazi kabisa. Mwaka 1942 kipimo cha sungura kikaingia katika kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha Marekani, na nchi nyingine zikawa nacho pia.

Mwaka 1959, Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walichapisha kitabu kilichopendekeza mambo matatu kwa kila anayetumia wanyama katika utafiti. Kwanza, atafute njia isiyohitaji mnyama. Akikosa, atumie wanyama wachache kadiri inavyowezekana. Na hao wachache awapunguzie maumivu na hofu. Huitwa R tatu, kwa kuwa maneno yote matatu kwa Kiingereza huanza na herufi hiyo. Wengi huyasoma kama ombi la huruma. Huruma imo, wala si aibu kuisema. Lakini ndani yake mna pia swali gumu la kisayansi: huyu mnyama anapotupa jibu, ni kitu gani hasa mwilini mwake kinachojibu?

Ukilijua hilo, mara nyingi mnyama mwenyewe hahitajiki tena. Kisa cha sungura kinalionyesha vizuri, ingawa njia yake ilipinda.

Mwaka 1956, huko Woods Hole kwenye pwani ya Marekani, Frederik Bang alikuwa akichunguza Limulus, mnyama wa baharini mwenye gamba kama kofia ngumu na mkia kama mwiba. Watu humwita kaa, kumbe ni jamaa wa karibu zaidi wa nge na buibui. Damu yake ni ya buluu, kwa sababu hubeba hewa kwa shaba badala ya chuma. Bang aliona kwamba bakteria fulani wakiingia, damu hiyo huganda kama uji mzito. Pamoja na Jack Levin walikuja kugundua kuwa kinachoigandisha ni mabaki yale yale yanayomtia binadamu homa. Dawa ikachanganywa na kiowevu kilichotengenezwa kutokana na damu hiyo: ikiganda, haifai. Hakuna kisanduku wala kipimajoto, na jibu hupatikana mapema zaidi.

Hapa lakini panauma. Sungura wengi walipumzishwa, mzigo ukahamia kwa mnyama mwingine. Limulus huvuliwa kwa wingi, hutolewa sehemu ya damu, kisha hurudishwa baharini, na baadhi yao hufa. Wapo ndege wahamao ambao hutua pwani hizo kula mayai yake ili wapate nguvu za kuendelea na safari, nao huumia akipungua. Kumtoa mnyama mmoja na kumwingiza mwingine siwezi kusema ni kupata mbadala kamili.

Hatua iliyofuata ilitoka Singapore. Ding Jeak Ling na Ho Bow walitafuta ni protini gani katika damu hiyo inayoanza kuyanasa mabaki ya bakteria. Walipoipata, walichukua jeni lake na kulipandikiza katika seli zinazofugwa maabara, nazo zikaanza kuitengeneza protini hiyo. Tangu Januari 2021, kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kina sura maalumu ya kipimo kinachotumia protini hiyo. Kinachojibu sasa kimo ndani ya kichupa, na Limulus anabaki baharini.

Njia hizo mbili, hata hivyo, hunasa mabaki ya aina moja tu ya bakteria. Homa ina vyanzo vingine, na sungura alivijibu pia. Basi watafiti wakarudi kwenye swali lile lile: joto la sungura linapandishwa na nani? Ni chembe nyeupe za damu. Zikikutana na mabaki ya vijidudu hupiga mbiu kwa kemikali, na ubongo ukiipata mbiu hiyo hupandisha joto. Sasa damu ya binadamu aliyejitolea huwekwa kwenye kichupa pamoja na dawa, kisha hupimwa kama mbiu imepigwa. Na kwa kuwa dawa ni ya binadamu, chembe zinazojibu nazo ni za binadamu. Kipimo hiki kiliingia katika kitabu cha Ulaya mwaka 2010. Mwaka 2024 uamuzi ukapitishwa wa kukiondoa kipimo cha sungura, na ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2025.

Kwa nini basi isiwe hivyo kwa kila utafiti? Kwa sababu homa ile ina chanzo kinachojulikana hatua kwa hatua. Kumbukumbu, ujauzito, au saratani inayosambaa mwilini bado havijafunguka kiasi hicho. Huko mnyama bado yupo, na R mbili zilizobaki ndizo zinazomlinda. Kupunguza idadi kumekwenda mbali: kipimo cha sumu kilichobuniwa mwaka 1927, cha kulisha makumi ya wanyama dozi tofauti hadi ijulikane ni ipi inayoua nusu yao, kilifutwa mwaka 2002 katika miongozo ya kimataifa ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo. Vilivyokirithi hutumia wanyama wachache.

Kupunguza hofu ndiko kunakopuuzwa zaidi. Tazama mkono unavyoingia ndani ya kizimba cha panya. Kwa desturi ya maabara, mtafiti humshika mkia na kumwinua. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West walionyesha kwamba panya wanaoinuliwa hivyo huukwepa mkono na huonyesha dalili za wasiwasi. Wanaobebwa kwenye viganja vilivyokunjwa kama kikombe, au ndani ya bomba fupi la plastiki wanaloingia wenyewe, huusogelea mkono huo kwa hiari.

Mwaka 2017 ikaonekana kwamba tofauti hiyo huingia hadi kwenye matokeo. Panya waliwekewa harufu, kisha ikabadilishwa, ionekane kama wanatambua mpya. Waliokuja kwa bomba waliinusa na kuitofautisha. Wa mkia hawakuthubutu hata kuisogelea vya kutosha. Mtafiti asiyejua angeandika kwamba wameshindwa kutofautisha harufu, kumbe panya alikuwa akijibu kuhusu mkono.