Mji-dola si jiji lenye bandari kubwa

Kila bandari ya Dar es Salaam inapotajwa redioni, hakosekani wa kusema jiji letu limekuwa "mji-dola wa kisasa". Ukimuuliza kwa nini, atakutajia makontena, malori ya kwenda Zambia na Kongo, na wingi wa watu. Hizo ni sifa za jiji kubwa la biashara tu.

Mji-dola ni mji unaojitawala kama nchi: una mtawala wake, sheria zake na hazina yake, na hauamriwi na mji mwingine. (Dola ya mamlaka hiyo, si noti za Marekani.) Basi.

Usihesabu meli. Uliza ushuru wa forodha unaingia mfuko wa nani. Kilwa Kisiwani ya karne ya 14, iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala (bandari iliyo Msumbiji ya leo), ilitoza kwa ajili ya sultani wake mwenyewe. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, mwaka 1331, alitoa sarafu za shaba zenye jina lake, na moja ilipatikana mbali kabisa huko Great Zimbabwe. Ushuru wa Dar unakwenda hazina ya Jamhuri, na shilingi ya Kariakoo ndiyo hiyohiyo ya Mwanza. Hata ulipoanza kujengwa miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, mji huu ulikuwa mradi wa Sultani Majid wa Zanzibar. Haujapata kujitawala hata siku moja.

Wengine watakwambia mji-dola lazima uwe hauna mfalme, kwa kuwa Venice, mji-dola wa Italia, ilimchagua kiongozi wake. Si lazima. Kilwa ilikuwa na masultani, ingawa Wareno walipofika mwaka 1500 aliyeshika madaraka alikuwa Amiri Ibrahim, ambaye hakuwa sultani.

Kinachonikera zaidi ni kosa la upande wa pili: "Himaya ya Kilwa" iliyotawala pwani nzima. Sofala ilikuwa chini yake kwa muda, sikatai. Lakini Mombasa na Malindi zilikuwa na watawala wao, na hawakupendana. Mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama alikosana na Mombasa, kisha Malindi, mahasimu wa Mombasa, wakampokea vizuri na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaipora Kilwa, akaichoma Mombasa, na Malindi ikabaki rafiki wa Wareno. Himaya gani hiyo ambayo kila mji una adui wake na rafiki wake?

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, Dar iite jiji la bandari, au lango la nchi jirani ukipenda, hakuna atakayekubishia. Kilwa ndiyo uiite mji-dola, ila sultani wa Kilwa usimpe na Mombasa.